Hurudishi Kitabu Bila Neno

Vijana wangu, nimewaona mkisoma hadithi kwenye simu. Mkifika mwisho wa sehemu mnabonyeza kamoyo kekundu, mnaandika "nzuri sana, endelea," kisha mnahamia kutazama watu wanaokatika viuno. Mwandishi huko aliko anabaki kuhesabu vimoyo. Sisemi mnakosea. Nasema tu kwamba kwenye kibanda changu pale mtaa wa Mukendo, mtu akiniletea riwaya na maneno hayo, nilikuwa namrudishia mwenyewe akakae nayo mpaka apate la kusema.

Kazi yangu ilikuwa kuazimisha riwaya. Mnaweza kucheka, hata wajukuu zangu wanacheka. Nilikuwa na kibanda hapo Musoma mjini, na siku za mnada nilibeba sanduku mpaka Bunda. Mara mojamoja nilipita Kiabakari na Butiama, kwa walimu na makarani waliokuwa wanasoma kuliko walivyokiri. Watu waliniita Mama Riwaya, na ndilo jina lililobaki hata sasa ambapo magoti yamegoma na wateja wamehamia kwenye viganja vyao wenyewe.

Masharti yangu yalikuwa mepesi. Ukichukua kitabu unalipa, na ukikirudisha unasema neno. Si neno la kuninong'oneza mimi, bali la kusema kwa sauti, mbele ya yeyote aliyeko kwenye benchi. Ulichopenda, kilichokuudhi, nani ungemzaba kibao. Ukimaliza kusema ndipo kitabu kinahesabika kimerudi.

Sharti hilo nilirithi kwa Mzee Malima wa Kiabakari, aliyeniuzia sanduku langu la kwanza alipochoka na kazi. Alinifundisha mambo mengi kwa kunicheka. Aliniona siku moja nimefurahi kwa sababu mteja amesema kitabu ni kizuri, akaniuliza kizuri kwa nini. Sikujua. Akasema, basi huyo amekilalia kama mto, usimpe kingine mpaka akirudie. Kwa Mzee Malima, mtu aliyerudisha riwaya akiwa amenuna alikuwa mteja wa kudumu, na aliyeisifu kutoka mlangoni alikuwa mpita njia.

Nilijifunza pia kushona. Vitabu vyetu vilikuwa vimechoka, migongo imekatika, kurasa zinatoka. Unatoboa kwa msumari mwembamba, unapitisha uzi wa nyavu, unakaza, unafunika kwa karatasi ya kaki. Riwaya iliyoshonwa kwa uzi wa nyavu inamaliza kijiji kizima. Lakini usikaze mno, maana ukikaza mno msomaji anakosa maneno ya upande wa ndani, na atakuja kukulalamikia kana kwamba uliyala.

Riwaya za upelelezi zilikuwa na ushonaji wao. Niligundua kuna mabwana wanasimama kwenye kibanda, wanajifanya wanachagua, kumbe wanasoma ukurasa wa mwisho, wanamjua muuaji na kwenda zao bure. Nikaanza kuishona sura ya mwisho ifungike kabisa, kwa uzi wa cherehani. Ukifika huko kwako, unakata uzi unasoma. Akaja karani mmoja, mtu wa tai na kalamu mfukoni, akasema mbele ya benchi zima kwamba kitabu chake kilianza vizuri lakini mwisho umelegea, mwandishi ameharakisha. Nikakigeuza kitabu, uzi ukiwa mzima kama nilivyoufunga. Akatazama uzi, akanitazama, akasema alisoma kwa kuchungulia. Nilimpa muda zaidi, na benchi lilimsindikiza kwa kicheko mpaka barabarani.

Maoni, vijana wangu, ni lazima ujue kuyasoma kama unavyosoma kitabu chenyewe. Wasomaji wa mapenzi wanajificha. Kule Bunda nilikuwa na Mzee Mugeta, mfugaji na mkulima wa pamba, mtu mwenye ndevu za heshima na mazizi ya kutosha. Hakuwahi hata siku moja kusoma riwaya ya mapenzi. Alikuwa anamchukulia mke wake. Kila mnada alirudisha moja na kunieleza kwa kirefu anachosema mke wake kuhusu busu la sura ya tano, na kwa nini mke wake anaona yule kijana hakustahili kusamehewa. Mke wake mwenyewe nilipokutana naye aliniuliza ninauza nini kwenye sanduku.

Wasomaji wa vitabu vya kutisha wao ni wepesi wa kurudisha. Nesi Eliza, aliyeshughulika na maiti na wazazi bila kukunja uso, alichukua kitabu cha majini asubuhi na kukirudisha kabla jua halijazama, kwa sababu, alisema, hicho hakiwezi kulala nyumba moja na yeye. Kesho yake asubuhi anakifuata tena. Alisoma vitabu namna hiyo kwa miaka, mchana tu.

Na wasomaji wa upelelezi ni wavuvi. Hilo Mzee Malima hakunifundisha, maana Kiabakari hakuna ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mkubwa. Mbalamwezi ikishika, wavuvi wanapanda nchi kavu, wanashona nyavu, wanagombana na wake zao, kisha wanakuja kwangu. Nilijua tarehe za mwezi kuliko padri wa Nyegina. Ukikaribia kujaa nilitoa sandukuni kila chenye maiti na bastola kwenye jalada, nikakipanga mbele.

Mkubwa wao alikuwa Masatu, mwenye mitumbwi ya dagaa pale mwaloni, samaki wanakoshushiwa. Mkubwa wa mwili, wa sauti na wa maoni. Masatu hakuwahi kusifu kitabu. Alikuwa anakaa kwenye benchi, anakifungua, anaonyesha kidole mahali ambapo polisi wamekuwa wajinga, na wenzake wanaitikia. Waliokuwa wanapita waliacha shughuli zao wamsikilize. Kitabu kikipita mdomoni kwa Masatu kikiwa hai, nilijua kitanilisha mwaka mzima.

Sasa, pembeni ya kibanda changu, kwenye baraza ileile, alikuwa Nyanjige na cherehani yake. Binti wa Bunda, kwenye mashamba ya pamba, ameolewa hapa mjini, anashona sare za shule. Ndiye aliyenipa uzi wa kufungia zile sura za mwisho. Alikuwa mpole, na alisikia kila neno lililosemwa kwenye benchi langu kwa miaka, mguu ukiwa kwenye kanyagio, bila yeye kutia neno hata moja.

Siku moja akaniletea bahasha. Ndani yake kulikuwa na kurasa zilizochapwa steshenari, zimeshonwa pembeni kwa mishono midogo ya fundi. Akasema, "Mama, nimeandika kitabu. Hii ni nusu. Nisomee, lakini usinisifie."

Niliisoma chai ikapoa, nikapasha, ikapoa tena. Ilikuwa habari ya binti anaitwa Rehema. Baba yake ameshapokea ng'ombe wa mahari wa mtu ambaye Rehema hamtaki, na yeye ana nafasi ya kwenda chuo cha uuguzi. Nusu ile iliishia baba ametoka kwenda kuwaleta wakwe, na Rehema amekaa jikoni na mama yake, wanamenya mihogo, binti hasemi kitu. Nilitaka kumjua huyo Rehema. Nilitaka kumtikisa.

Nikamwambia Nyanjige hivyo. Hakuridhika. Alisema mimi nampenda, kwa hiyo neno langu halina uzito, anataka benchi. Tena benchi lisijue kitabu ni cha nani. Nikamwuliza wakikikataa je? Akacheka, akasema hizo karatasi ni imara, atazikatia vipimo vya sketi za wanafunzi, ile nusu ya pili pamoja na hii, na hatashika kalamu tena isipokuwa kuandika kiuno na urefu. Alicheka hivyo lakini macho yalikuwa yameloa. Nilielewa kwamba anasema kweli.

Basi nikaifunika nusu ile kwa kaki na kutangaza kwamba ni ya mwandishi wa Tabora. Nilichagua Tabora kwa sababu ni mbali, hakuna ambaye angekwenda kuuliza.

Kwanza ilikwenda Bunda kwa Mzee Mugeta, kwa ajili ya mke wake. Mnada uliofuata aliirudisha akiwa amekunja uso.

"Mke wangu anasema kitabu hii ni tamu," alisema. "Lakini huyu mtu wa Tabora ametuletea ng'ombe za mahari hazina rangi. Ng'ombe gani hizo? Mtu anakuwaga na ng'ombe, anaijua kwa rangi, anaijua kwa pembe. Huyo baba ya Rehema amepokea nini sasa, vivuli?"

Nililibeba neno hilo mpaka Mukendo bila kulipunguzia chumvi, nikalisema kwenye benchi kama desturi. Cherehani ya pembeni ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Jioni Nyanjige aliniambia Mzee Mugeta ana haki, baba yake mwenyewe angeuliza hivyohivyo. Alikuwa anatabasamu. Nesi Eliza naye alikisoma mchana mmoja, akakirudisha amechukia, kwa sababu alingoja jini mpaka ukurasa wa mwisho na halikutokea. Hata hilo Nyanjige alilimeza. Nikaanza kuona jambo letu linakwenda vizuri, na mtu akianza kuona hivyo ujue pigo liko njiani.

Mwezi ulijaa, wavuvi wakapanda, na Masatu akakichukua. Nilimwonya kwamba hakina maiti. Akasema atavumilia.

Alirudi benchi likiwa limejaa. Akasimama, akafungua katikati, akasoma kwa ile sauti yake mahali ambapo Rehema na kijana anayempenda wanakutana ufukweni. Mbalamwezi, aliandika Nyanjige, ilikuwa imelijaza ziwa kwa fedha, na mbali kule taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zikimetameta.

Masatu akafunga kitabu kidole kikiwa ndani. Hakuhitaji kusema kitu. Benchi zima lilikuwa la watu ambao wako pale, mchana ule, wamekaa bila kazi, kwa sababu hiyo mbalamwezi imewatoa majini. Wakaangua kicheko mpaka muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kuna nini.

"Hao wavuvi wanavuaga nini?" akauliza Masatu. "Mwezi wenyewe? Huyu mwandishi ziwa analisikiaga kwenye redio. Watu wa Tabora, tuwasamehe. Kitabu hii ni ya kufungia maandazi."

Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kabla sijakumbuka. Mimi niliyeishi kwa kalenda ya mwezi nilipita kwenye mstari ule bila kushtuka, nikiwa nimeshughulika na kumwonea Rehema huruma. Kisha nikasikia ukimya wa pembeni. Nyanjige alikuwa ameinamisha kichwa, mguu hauko kwenye kanyagio. Akaifunika cherehani kwa kitambaa chake, mchana kweupe, sare za watu zikiwa hazijaisha, akaenda nyumbani. Niliumia sana. Nilitamani kumfuata Masatu na kumwambia maandazi ni yeye.

Kesho yake alikuja mapema. Aliweka nusu ya pili ya kitabu juu ya meza yake ya kushonea, mkasi juu yake.

Nikamwambia angoje. Akasema benchi limeshasema, na ni yeye mwenyewe aliyelitaka benchi. Nikamwuliza kama aliona Masatu alipoondoka alikuwa ameshika nini. Hakuona, alikuwa ameshajifunika khanga na kwenda zake. Mimi niliona. Masatu alimaliza kusema, wakacheka, akapeana mikono na watu, kisha akaondoka na kitabu kikiwa kwapani. Vijana wangu, hapo ndipo uzoefu unapofaa kitu. Mtu anayekichukia kitabu hukiweka mezani kwanza, ndipo anafungua mdomo. Nilikuwa nimeazimisha vitabu maisha yangu yote na sikuwahi kuona mtu akilipa neno lake kisha akaondoka na mzigo.

Nyanjige alisema amesahau tu, ni mtu wa kelele. Nikamwomba anipe mpaka siku Masatu atakapokirudisha kwa mkono wake. Akirudisha na akawa na neno lilelile, akate. Alifikiri, akauondoa mkasi. Lakini karatasi aliziacha pale mezani, kwenye rundo la kazi zinazosubiri kukatwa, nikawa nazitazama kila nikipita.

Mwezi ukapungua, giza likarudi, wavuvi wakashuka majini, na Masatu akaenda nacho. Hapo nilianza kuogopa mimi mwenyewe. Labda kweli alikifungia maandazi. Nyanjige hakuniuliza kitu. Alishona sketi, alipokea vipimo, alinisalimia kwa adabu, na ilikuwa adabu ya mtu aliyekwisha kuaga.

Kisha asubuhi moja, boti zimeingia, Masatu akatokea na wavuvi wake wawili watatu. Kitabu kilikuwa kimevimba kwa unyevu, kaki imetoka, kinanuka dagaa kiasi kwamba Nesi Eliza, aliyekuwa kwenye benchi na kitabu chake cha majini, alisogea. Nikajua kimepita mtumbwi mpaka mtumbwi. Masatu hakukiweka mezani. Alikaa nacho magotini.

Nikamkumbusha desturi, kwamba akirudisha aseme neno. Akasema neno la kusema hana, ana la kuuliza. Nusu nyingine iko wapi? Nikamjibu kwamba mwandishi bado hajaileta. Akaonekana kukasirika, akawageukia wenzake kana kwamba wao ndio waandishi.

"Mimi huyu binti ananichosha," alisema. "Amekaa jikoni na mama yake mzazi, wako wawili tu, baba ameondoka. Kwa nini hasemi? Aseme tu, mama, mimi huyu mtu simtaki. Mama atamsaidia. Sasa anamenya mihogo anamenya mihogo, mpaka lini?"

Wenzake wakaitikia, mmoja akasema binti ni mwoga, mwingine akasema ni mjinga. Cherehani ilikuwa inakwenda muda wote huo. Ikasimama.

"Hawezi kumwambia mama yake," Nyanjige alisema. "Mama yake hawezi kumficha baba kitu. Akiulizwa atasema, hata kama hataki. Rehema anamjua mama yake."

Hakuna aliyecheka. Miaka yote hiyo ya kukaa pembeni ya benchi lile, ilikuwa mara ya kwanza wanasikia sauti yake ikitoa neno kuhusu kitabu. Na lilikuwa neno la mtu aliyekuwamo mle jikoni. Nesi Eliza alinitazama, akamtazama Nyanjige, akaweka mkono mdomoni. Nyanjige mwenyewe alishtuka. Alishika ukingo wa meza, karibu na zile karatasi.

Masatu alikuwa mtu wa kelele lakini hakuwa mjinga. Nilimwona anafikiri. Alitazama mishono midogo pembeni mwa kitabu, akatazama cherehani, akapitisha kidole juu ya uzi. Niliomba Mungu asitaje Tabora wala maandazi. Alipofungua mdomo hakuwa anazungumza na mimi tena, wala hakuomba radhi, maana hiyo si tabia yake.

"Basi mwambie aondoke kabla baba hajarudi," alisema.

"Hana pa kwenda," akasema Nyanjige.

"Aje huku kwetu. Nina shangazi Nyegina, anakaa peke yake, nyumba kubwa. Haogopagi wanaume huyo mama, hata wakija na fimbo. Atampokea, akae pale mpaka chuo kifunguliwe."

Wavuvi wenzake wakaunga mkono, wakisema huyo shangazi wanamfahamu, aliwahi kumfukuza diwani. Mmoja akaongeza kwamba njiani apite njia ya juu, si ya mwaloni, asije akaonekana. Walikuwa wamelisogelea jambo lile kwa dhati kabisa, kama mambo ya binti wa ukoo, na mimi nikageuka nijifanye napanga vitabu kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Nyanjige alivuta kiti karibu na benchi. Alimkazia Masatu macho.

"Huyo shangazi yako," alisema, "anaitwaga nani?"

"Nyafuru," akasema Masatu. Akakiweka kitabu mezani, polepole. "Lakini usimuue."